Guangzhou: usitoe amana kabla hujamwona mwenye nyumba

Ukija Guangzhou, huku China, kufunga mzigo, kodi ya maghorofa ya barabarani kwenye mitaa ya Xiaobei au Sanyuanli ikikushinda, dalali atakuingiza vichochoro vya nyuma. Hapo umeingia kijijini, kijiji cha kweli, chenye koo zake na jumba la mababu linalofuka ubani. Wenyeji walikuwa wakulima. Jiji lilipomeza mashamba, viwanja vya nyumba vikabaki mikononi mwao, wakapandisha ghorofa juu ya ghorofa ili wapangishe wageni. Nyumba zimebanana hadi Wachina wanaziita za kupeana mikono. Chumbani kwangu taa iliwaka saa sita mchana, na mafuta ya jirani yakichemka nilisikia kama yako jikoni mwangu.

Giza nililizoea. Kilichoniumiza ni amana.

Aliyenipangisha alikuwa na funguo, mkataba na risiti yenye mhuri mwekundu. Nikamlipa kodi ya mwezi mmoja na amana ya miezi miwili. Kumbe hakuwa mwenye nyumba. Alikodi jengo zima kwa mwanakijiji, akaligawa vyumba. Watu hao ni wengi, wanaitwa wenye nyumba wa pili, na wapo waungwana. Wangu nilipomwambia twende polisi nikaandikishwe, alisema kesho. Kesho ikawa wiki, kisha simu ikawa haipokelewi.

Sheria ni hii: mgeni asiyelala hotelini lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Ukikosa, faini inafika yuan 2,000. Bila karatasi ile huongezi hata siku moja ya viza, na kuzidisha siku ni yuan 500 kila siku, hadi 10,000, au mahabusu. Mimi nililipa faini, nikahama, amana sikuiona tena.

Kwa hiyo usitoe amana kabla hujamwona mwenye nyumba. Mwambie dalali akupeleke kwake. Muombe mwenye nyumba kitambulisho na karatasi za jengo, kisha mwende naye polisi siku hiyo hiyo, na pesa ziwe bado mfukoni mwako. Akisema kesho, ondoka. Narudia: akisema kesho, ondoka. Huko polisi, pasipoti, viza, picha na mkataba ni vya kawaida kuulizwa, beba nakala.

Na nyie ndugu wa nyumbani, mnaomtuma kijana kwa neno la "yupo mtu atampokea", mtu huyo ana nyumba? Shangazi aliniuliza kwa nini sikwenda kwa mjumbe. Shangazi, huku hakuna mjumbe anayenijua mimi wala baba yangu.

Wachina wengi wa mjini wanavidharau vijiji hivi, wanasema ni vichafu. Mimi naona vinabeba jiji: mpishi, fundi cherehani na msukuma mkokoteni wote wanalala humo. Kimoja, Liede, kilivunjwa kuanzia 2007, jiji likijiandaa kwa Michezo ya Asia ya 2010. Wanakijiji walipewa fleti mpya na majumba ya mababu yakajengwa upya. Mpangaji hufungasha tu.

Basi kabla ya kupanda ngazi, tazama kuta za nje. Ukiona herufi ya Kichina imezungushiwa duara la rangi, muulize muuza duka wa chini, asiwe dalali, inasemaje. Ikiwa ni "chai", maana yake bomoa. Hapo hata kodi ya miezi mitatu usilipe kwa mkupuo.