Umeteuliwa afisa elimu wa halmashauri? Anza na kuhesabu watoto wa 2028

Hongera, alafu pole. Iwe umepangiwa Jiji la Arusha, Meru, Moshi Manispaa au Moshi vijijini, ukikabidhiwa ofisi tu utakuta barua za uhamisho, malimbikizo ya walimu, simu za madiwani, na kila mtu anasema lake ndo la haraka. Yote yashughulikie ila usikubali yakumeze kabla hujajua watoto wangapi wanakuja.

Iko hivi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na wale waliokuwa darasa la tatu mwaka ule wanamalizia msingi la sita, yaani 2027, mwaka huohuo na la saba wa mtaala wa zamani. Maana yake Januari 2028 kidato cha kwanza kinapokea rika mbili kwa mpigo, na kwa kuwa Sera ya Elimu toleo la 2023 imeweka elimu ya lazima miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, usijipe moyo kwamba wengine watachujwa na mtihani.

Sasa mwite afisa takwimu wako mkae na orodha ya kila kata. Chukua hao watoto wa rika zote mbili, jumlisha, gawa kwa 40 maana ndo kiwango cha darasa sekondari. Tuseme kata ina 260 wa la saba na 240 wa la sita, hiyo ni 500, unahitaji mikondo 13, yaani vyumba 13 vya kidato cha kwanza, na sekondari ya kata pengine ina sita tu. Fanya hivyo kata kwa kata, usifanye wastani wa halmashauri nzima kwa sababu wastani unadanganya sana huku kwetu: kata za Muriet na Olasiti pale Arusha mjini watu wanajenga kila siku, wakati huko juu Uchagani vijana wamehamia mjini na utakuta shule ina vyumba kuliko watoto.

Ukipata pengo usikimbilie kuandika "tunaomba madarasa" peke yake. Kumbuka Januari hiyohiyo shule za msingi zinabaki bila darasa la saba, kwa hiyo kuna vyumba vinaachwa wazi, na pale msingi na sekondari zinapopakana uzio mmoja unaweza kuazima. Ila nenda ukaone kwa macho yako bana, madawati ya msingi ni mafupi kwa kijana wa sekondari, na matundu ya vyoo ndo yanasahaulika kila mara. Walimu nao hivyohivyo, kuna wenye digrii wanafundisha msingi, wengine walishushwa toka sekondari miaka ile ya ziada ya walimu wa sanaa. Waandike majina na masomo yao mapema. Hisabati na fizikia hutawapata humo, hao omba TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kuanzia sasa.

Hela: mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo darasa la kutumika Januari 2028 likisubiri bajeti ya 2027/28 lina miezi sita tu, na fosi akaunti, ule ujenzi wa kutumia mafundi wa kawaida bila mkandarasi, unaijua, fundi anasubiri saruji, saruji inasubiri mfumo wa manunuzi. Pambana liingie bajeti ya nyuma yake. Ruzuku usiitegemee, shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka na 25,000 wa sekondari, na sehemu ya hiyo ni ya vitabu, haijengi kitu.

Chakula cha mchana kiache kwa kamati za shule na wazazi wakubaliane wenyewe, mahindi na maharage au hela, wewe simamia jambo moja: mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga.

Masika ndo siwezi kupita haraka. Aprili 2024 basi la shule lilisombwa na maji jijini Arusha na watoto wakafa. Kabla ya Machi, kila mwalimu mkuu, wa serikali na wa binafsi, akupe orodha ya makorongo na madaraja ambayo watoto wake wanavuka, kwa miguu au kwa gari. Alafu kubalianeni na ofisi ya mkuu wa wilaya nani anaruhusiwa kusema "leo hakuna shule" saa kumi na moja alfajiri, maana ukisubiri barua basi lishaondoka. Na dereva ajue kabisa hatafukuzwa kazi kwa kugoma kuvuka.

Ile hesabu ya kata ikikamilika usiipeleke moja kwa moja barazani. Pitia kwanza kwa afisa mipango, alafu kaa na diwani mmoja mmoja umwonyeshe kata yake peke yake, maana diwani akiiona kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake atabisha hata kama namba ni za kweli.