Kijiji kikiishiwa chakula: barua inaanzia wapi na inapita kwa nani

Barua yangu ya kwanza ya kuomba chakula ilirudi baada ya wiki tatu. Niliandika kwamba mahindi yameungua shambani, hali ya wananchi ni mbaya, na tunaomba serikali itutazame kwa jicho la huruma. Pembeni mtu aliandika kwa kalamu nyekundu neno moja: "Wangapi?" Nikaanza kuzunguka kaya upya, mwezi ukakatika, na wenye mbuzi wakaendelea kuuza kwa bei ya kutupa.

Nilikuwa mtendaji wa kijiji upande wa Longido. Siku hizi nimestaafu, niko Arusha mjini, lakini watendaji vijana bado hunipigia simu kuomba "mfano wa barua". Barua ni ukurasa mmoja, mtu yeyote aliyesoma ataiandika. Kinachoipeleka mbele ni karatasi zilizobanwa nyuma yake, na hizo haziandaliwi kwa siku mbili.

Fungua daftari mvua ikiwa bado inasubiriwa

Huku kwetu tuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Ukisikia mkoa wako umewekwa kwenye "wastani hadi chini ya wastani", nunua daftari siku hiyo hiyo. Kila wiki andika mambo manne: mvua ilinyesha siku zipi, debe la mahindi ni bei gani, mbuzi dume wa kawaida anauzwaje mnadani, na mifugo inanyweshwa wapi.

Bei ya debe na bei ya mbuzi zisome pamoja. Tuseme mwezi wa kwanza mbuzi mmoja kwenye mnada wa Meserani ananunua debe tano, na mwezi wa nne yule yule, sasa mbavu zinahesabika, ananunua mbili. Kwa mfugaji hiyo ndiyo king'ora. Ukiandika "bei zimepanda", afisa atakujibu kwamba zimepanda kila mahali. Ukimwonyesha mbuzi ameshuka kutoka debe tano hadi mbili ndani ya wiki kumi na mbili, atavuta kiti.

Wakubwa nao hufanya hivyo hivyo, ila kwa majedwali makubwa. Kuna kipimo cha kimataifa cha uhakika wa chakula kiitwacho IPC, chenye ngazi tano; ya tatu ni mgogoro, ya nne ni dharura, ya tano ni baa la njaa. Ili eneo lifike ya tano, angalau kaya moja kati ya tano iwe imekosa chakula kupita kiasi, watoto 30 kati ya 100 wawe na utapiamlo mkali, na watu wawili kati ya 10,000 wawe wanakufa kila siku. Maana yake, likishatangazwa, makaburi yameshachimbwa. Somalia mvua za mwisho wa 2010 zilikatika na tahadhari zikatolewa mapema. Baa la njaa likatangazwa Julai 2011. Waliokufa walikadiriwa kufika 260,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo usisubiri, lakini pia chunga neno. Kwenye barua usiandike "njaa". Kutangaza njaa si kazi ya kijiji, na neno hilo humfanya mkubwa aanze kubishana na wewe badala ya kukusaidia. Andika "upungufu wa chakula". Binafsi naliona ni neno baridi kwa mtu aliyelala bila kula, lakini ndilo linalopita masjala.

Kuhesabu kaya

Nenda na mwenyekiti wa kitongoji, afisa ugani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Usiulize "mna chakula?" Hakuna atakayesema anacho. Uliza cha jana, kama nilivyomuuliza mama mmoja, "yeyo" kwa Kimasai:

"Yeyo, jana jioni mlipika nini?"

"Tulikunywa chai."

"Na watoto?"

"Chai."

Nikaomba nione sufuria. Ilikuwa chai ya rangi, kwenye boma lenye ng'ombe kumi na wawili. Wanaojua maboma ya Kimasai wanaelewa: chai bila maziwa hapo ni taarifa kamili. Niliiandika kwenye daftari kama ilivyo.

Mhudumu wa afya awe na utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Chini ya sentimita 12.5 ni tatizo, chini ya 11.5 ni hatari. Mtoto huyo hasubiri barua wala kikao, anapelekwa kituo cha afya siku hiyo; kwenye barua unaweka idadi tu, bila majina.

Mwisho piga hesabu. Mtu mmoja mweke gramu 400 za nafaka kwa siku. Kaya ya watu sita ni kilo 2.4 kwa siku, kilo 72 kwa mwezi, yaani kama debe nne. Zidisha kwa kaya zako na kwa miezi iliyobaki hadi mavuno, kisha toa akiba waliyonayo. Hesabu hiyo ya mwisho, pamoja na idadi ya watu, ndiyo jibu la kalamu nyekundu.

Gawa kaya mafungu mawili: zinazoweza kununua chakula kikija kwa bei nafuu, na zisizo na uwezo kabisa. Orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ni mahali pa kuanzia, lakini isikufunge. Mjane aliyekuwa na mifugo mwaka jana hayumo humo, na mwaka huu hana hata mbuzi.

Kikao, halafu barua

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa na mkoa hadi kijiji. Ikutane kwanza kamati ya kijiji, ifuate halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu, na majina yasomwe hadharani. Kutakuwa na kelele. Afadhali kelele za siku hiyo kuliko za siku ya kugawa. Mahudhurio yasainiwe, asiyejua kuandika aweke dole gumba.

Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kupitia kwa Mtendaji wa Kata, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na Afisa Tarafa. "YAH: UPUNGUFU WA CHAKULA KIJIJI CHA …" Aya ya kwanza idadi ya kaya na watu, ya pili tani na miezi, ya tatu sababu, na hapo usipite mistari minne. Ambatisha muhtasari wa vikao, orodha ya kaya na nakala ya kurasa za daftari. Gonga muhuri kila ukurasa. Ipeleke mwenyewe, na nakala yako igongwe "imepokelewa" na tarehe.

Wilayani watatuma wataalamu wa kilimo, mifugo na lishe kufanya tathmini. Wapeleke kwenye maboma ya mbali, si yaliyo kando ya barabara. Taarifa yao hupanda mkoani, kisha Ofisi ya Waziri Mkuu yenye idara ya maafa, na kibali kikitoka ndipo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hufungua ghala. Wapo wanaoona kwamba NFRA ina kanda Arusha wakadhani watabisha hodi getini na barua yao. Mlinzi atakurudisha kwa adabu.

Wakati unasubiri, ulizia kila wiki, kwa simu kisha kwa miguu. Na kwenye barua hiyo hiyo omba mbegu za muda mfupi, kwa sababu chakula kikifika bila mbegu utarudi kuandika nyingine msimu ujao.

Gari likifika

Orodha iwe imebandikwa ukutani siku kadhaa kabla. Kamati ya ugawaji iwe na akina mama, maana wao ndio wanaojua sufuria ya nani iko wapi. Kabla ya kusaini, chagua magunia matatu kutoka katikati ya shehena na uyapime. Angalia mshono: uzi wa rangi tofauti na wenzake maana yake gunia limefunguliwa njiani. Dereva atalalamika kwamba anachelewa. Mpe chai, uendelee kupima.