Jigi ya kukatia mfupa inapata hataza? Hatua tulizofuata, na dai lililotuchosha

Daktari mmoja kijana wa mifupa alinijia karakanani Kibuye, hapa Kisumu, jioni moja mvua ikinyemelea kutoka ziwani. Mkononi alikuwa na kitu amekiviringa kwa kitambaa cha kijani cha thieta. Akakifungua juu ya meza, karibu na jiliwa. Ilikuwa jigi ya chuma cha pua, ndefu kama kidole cha kati, aliyochongewa na fundi wa jua kali kwa mchoro wake mwenyewe. Kazi yake ni kuuongoza msumeno anaponyoosha mguu wa mtoto mwenye matege. Akaniuliza, "Mzee, hii naweza kuiombea patenti, ama wataniambia upasuaji hauna patenti?"

Upasuaji hauna. Jigi inaweza kuwa na hataza, yaani hiyo patenti: haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasikinakili kitu chake. Lakini kutoka hapo hadi ombi kuwa tayari tulikaa jioni nne, na tatu kati ya hizo zilikwenda kwenye hatua moja tu. Nimetengeneza vifaa vya hospitali miaka mingi, na ombi langu la kwanza la hataza niliandika mwenyewe nikaliharibu palepale. Naandika haya ili anayefuata asipotelee nilipopotelea mimi.

Hatua ya 1: Hesabu ni lini kilionekana

Kabla ya yote, uliza ni nani amekiona kifaa, na lini. Dakta alikuwa ameirusha picha ya jigi kwenye kundi la WhatsApp la madaktari miezi saba nyuma. Hakuna aliyeahidi siri, kwa hiyo tuliihesabu kuwa imetangazwa.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 inamhurumia mvumbuzi. Ukikitangaza mwenyewe, una miezi 12 ya kuwasilisha ombi kabla tangazo lako halijatumika dhidi yako. Marekani wana msamaha wa mwaka mmoja pia. Ulaya hawana msamaha wa namna hiyo, na picha moja yatosha kuufunga mlango. Kwa hiyo kwa Dakta Ulaya ilishakwenda, na hapa nyumbani ilibaki miezi mitano. Kama wewe hujaonyesha mtu, nyamaza: usiweke bango la kongamano, usiombe picha ya kumbukumbu thieta, usitume sampuli kwa "rafiki" bila karatasi ya siri iliyotiwa saini.

Hatua ya 2: Jigi ni ya nani?

Soma mkataba wako wa kazi. Kifungu cha 32 cha Sheria hiyo kinasema uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza kazi ya kuajiriwa ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Hospitali moja niliyowahi kuitumikia ilinikumbusha hilo baada ya mimi kumaliza kazi yote. Maliza mazungumzo haya kwanza, kwa maandishi.

Hatua ya 3: Tafuta, ukianzia kwenye michoro

Mimi natumia Espacenet, hazina ya bure ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Mtandao wa kawaida wa kutafutia vitu siupendi kwa kazi hii, kwa sababu unakupa kile kinachofanana na maneno yako, na maneno ya wavumbuzi hayafanani. Mmoja ataandika "kizuizi cha kukatia", mwingine "kiolezo", wa tatu "chombo cha kuelekeza". Tafuta kwa namba ya daraja, ambayo ofisi za hataza huupa kila uvumbuzi kulingana na aina yake: A61B17/15 ni ya vielekezi vya misumeno ya mfupa, A61B17/17 ni ya vielekezi vya keekee. Ndani ya ile ya kwanza kuna A61B17/151, ya kukata ili kunyoosha mfupa, na A61B17/152, ya kutoa kabari ya mfupa. Ukishaingia humo, usisome. Tazama michoro mia kadhaa, jicho litasimama lenyewe, na hapo ndipo usome.

Kuna wanaokuja wakiamini wamevumbua jigi inayochapwa kwa printa ya pande tatu kutokana na picha ya CT, ili ikae juu ya mfupa wa mgonjwa mmoja tu. Wazo hilo lenyewe ni la zamani. Klaus Radermacher wa Aachen, Ujerumani, alilifanyia kazi tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na ombi lake la kimataifa la hataza, WO 93/25157, lilichapishwa 1993. Ukiwa na jigi ya aina hiyo, kilicho kipya kitakuwa kitu kingine ndani yake, nawe ukitafute hicho.

Ya Dakta haikuwa ya kuchapwa. Ina bamba na mkono unaozunguka kwenye pini. Pini hiyo inapita kwenye mfupa wa muundi upande wa ndani, nayo mianya miwili ya msumeno yote inaelekea kwake. Kwa hiyo mikato miwili inakutana kwenye pini, kabari inatoka upande wa nje, na upande wa ndani unabaki ukanda mwembamba wa mfupa wa kukunjia. Wazo zuri, ila tulikuta nyaraka kadhaa zenye pini na mkono kama huo. Uso ulimshuka.

Nikamwomba anionyeshe anavyoishika. Akavaa glovu, akazungusha mkono wa jigi kwa kidole gumba bila kuitazama, nikasikia: ta, ta, ta. Ndani yake kulikuwa na tao dogo la meno na kigingi cha springi, na kila jino ni digrii 2. Nikamuuliza kwa nini hakuchora mistari ya digrii kama wengine. "Damu, Mzee. Damu ikishaingia kwenye mistari husomi kitu. Nahesabu kwa kidole." Hiyo sehemu, aliyokuwa hata hajaitaja, ndiyo hatukuiona kwenye mchoro wowote.

Hatua ya 4: Andika madai

Hapa ndipo pa kukaa. Madai ni zile sentensi za mwisho wa ombi zinazosema hasa unachokidai kuwa chako, na ndiyo hataza yenyewe. Mimi huyaandika kabla ya maelezo, ingawa wengi hufanya kinyume. Ukianza na maelezo utajipenda, utaandika kurasa 20, kisha utadai yale uliyoyasifu badala ya yale yaliyo mapya.

Kifungu cha 21 cha Sheria kinasema njia za kutibu mwili wa binadamu au mnyama kwa upasuaji au tiba hazihesabiwi kuwa uvumbuzi, isipokuwa bidhaa za kutumika katika njia hizo. Hicho kipande cha mwisho, cha bidhaa, ndicho mlango wetu. Ombi langu la kwanza lilikuwa na madai manane, yote yakianza na "Njia ya kukata mfupa, ambapo…" Barua ya mkaguzi wa ofisi ya hataza ilikuwa na aya moja tu, na ilinitosha.

Kwa hiyo dai la kwanza lianze na jina la kitu. Lakini kubadilisha neno la kwanza peke yake hakutoshi. Dakta aliandika hivi usiku wa pili:

"Jigi iliyofungwa kwenye mfupa wa muundi kwa pini, ambayo mwanya wake wa kwanza umelala sambamba na goti na wa pili umezungushwa hadi ulemavu umalizike."

Linasomeka kama kitu, lakini ni upasuaji uliovaa koti. Jigi "iliyofungwa kwenye mfupa" haipo mpaka daktari aifunge. Bodi ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilishalisema hili katika uamuzi T 775/97: bidhaa ambayo muundo wake unapatikana tu ndani ya mwili, baada ya hatua ya upasuaji, haipewi hataza. Na hata kama mkaguzi angelipitisha, fikiri ni nani angevunja dai hilo. Si mwenye kiwanda anayeinakili jigi na kuiuza, maana yeye anauza chuma kisichofungwa popote. Angelivunja daktari mwenzake aliye thieta, mtu ambaye Dakta hana nia ya kumshtaki kamwe. Wamarekani wanaruhusu hataza za njia za upasuaji, lakini tangu 1996 sheria yao inamkinga daktari asidaiwe kwa kuzitumia katika kutibu. Dai lako limshike anayetengeneza na anayeuza.

Dawa ni kuandika uwezo, si tendo. Usiseme "iliyofungwa kwenye mfupa", sema "yenye matundu ya kupitishia pini za kuishikilia kwenye mfupa". Usiseme "mwanya uliozungushwa", sema "mkono unaoweza kuzungushwa". Tulipitia kila kitenzi na kalamu nyekundu. Swali likawa moja: jigi ikiwa kwenye sanduku lake dukani, sentensi hii ni ya kweli? Kama si ya kweli, ibadilishe.

Kisha kuna shimo la upande wa pili. Ukiondoa mwili wote, dai linakuwa pana mno na linagonga vitu vya zamani visivyohusu hospitali. "Kipande chenye mwanya wa kuongozea msumeno kwa pembe maalumu" ni kile kisanduku cha mbao ambacho fundi wa fremu za picha hukatia pembe za digrii 45. Maneno "ya kukatia mfupa" hayatakuokoa yakiwa peke yake, kwa sababu kwa kawaida husomwa kama "inayofaa kukatia mfupa". Kitu cha zamani kikifaa kwa kazi hiyo, hata kama hakuna aliyewahi kukitumia hivyo, upya wako umekwisha. Matumizi lazima yaonekane kwenye umbo: matundu ya pini, vipimo, chuma kinachostahimili mvuke wa kutakasia, meno.

Wa jigi za kuchapwa, angalieni jambo hili pia. "Uso unaolingana na mfupa wa mgonjwa" utaulizwa: mgonjwa yupi? Mfupa si sehemu ya kifaa, na umbo lake halijulikani kwa anayesoma dai. Eleza uso unavyopatikana kutokana na data ya picha. Vilevile mnaweza kudai njia ya kutengeneza jigi, kazi ambayo yote inafanyika nje ya mwili. Ila msiongeze hatua ya mwisho ya "kuiweka na kukata". Uamuzi mwingine wa ofisi hiyo ya Ulaya, G 1/07 wa 2010, uliweka wazi kwamba Ulaya njia yenye hatua nyingi inatupwa yote ikiwa na hatua moja tu ya upasuaji.

Dai tulilobaki nalo, kwa ufupi, ni hili:

"Jigi ya kuongozea msumeno wa mfupa, yenye: bamba lenye tundu la pini ya mhimili na matundu yasiyopungua mawili ya pini za kushikilia, mwanya wa kwanza wa msumeno kwenye bamba, mkono unaoweza kuzungushwa kwenye mhimili huo, wenye mwanya wa pili, na tao la meno kwenye bamba pamoja na kigingi cha springi kwenye mkono, vilivyopangwa ili kila jino lihisike kwa kidole mkono unapozungushwa."

Madai yanayofuata yanaongeza kimoja kimoja: jino la digrii 2, kifuniko kinachozuia damu na unga wa mfupa visiingie kwenye meno, na seti ya jigi pamoja na pini zake.

Hatua ya 5: Hataza au cheti kidogo?

Hataza inadai upya, hatua ya uvumbuzi (yaani kisiwe kitu ambacho fundi yeyote wa kazi hiyo angekifikia kirahisi) na kufaa viwandani, nayo inadumu miaka 20 tangu kuwasilishwa. Sheria yetu ina pia cheti cha modeli ya matumizi, kisichodai hatua ya uvumbuzi, na kinadumu miaka 10. Mkaguzi anaweza kusema meno ya kubofya yako hata kwenye spana ya fundi wa magari, na kuyahamishia kwenye jigi si hatua ya uvumbuzi. Jibu letu ni ile damu kwenye mistari, na tumeiandika kwa kirefu kwenye maelezo. Tukiona jibu hilo halikubaliki, ombi linaweza kugeuzwa kuwa la modeli ya matumizi, mradi uamuzi wa mwisho haujatolewa. Tukaanza na hataza.

Hatua ya 6: Michoro na kuwasilisha

Mistari myeusi, karatasi nyeupe, namba kila sehemu. Picha za rangi kutoka kwenye programu ziacheni. Wasilisha KIPI, taasisi ya Kenya inayosimamia mali ya viwanda, ukalipe ada, uhifadhi risiti.

Andika tarehe ya kuwasilisha mahali utakapoiona. Ndani ya miezi 12 uamue kama utaomba hataza katika nchi nyingine. Baada ya miezi 18 ombi linachapishwa. Kabla ya miaka 3 uombe ukaguzi wa kina, usipoomba ombi linahesabika limeachwa. Usajili wa kifaa kwenye Bodi ya Dawa na Sumu ni safari nyingine kabisa, hataza haikupi ruhusa ya kukiingiza kwenye mguu wa mtoto. Dakta tarehe zake amezibandika ndani ya mlango wa kabati lake la thieta, chini ya orodha ya zamu.