Huyo unayechati naye ni nani? Mkague kabla hujatuma hata mia

Tapeli wa mapenzi wa mtandaoni hukuandalia kila kitu unachokiona: picha, jina, kazi, sauti, hata machozi. Ndiyo maana kuikodolea macho profaili yake hakutoshi. Kinachomfichua ni vitu ambavyo hakuvipanga yeye: jina linalotokea unapotaka kutuma pesa, tarehe akaunti ilipofunguliwa, mahali picha ilikotoka, swali ambalo hakulitarajia. Huko ndiko pa kuelekeza nguvu.

Anza na picha, kwa kuwa ukaguzi wake ni wa dakika tano na hauhitaji kumwuliza mtu chochote. Piga skrinshoti, kisha ikate ibaki sura na mandhari ya nyuma tu. Majina na vitufe vya programu vikibaki vinavuruga matokeo. Fungua programu ya Google, gusa alama ya kamera iliyo kwenye sehemu ya kutafutia, chagua skrinshoti yako. Usiridhike na picha zinazofanana. Unachotafuta ni kurasa ambamo picha hiyohiyo imetumika, na kwa jina gani. Halafu rudia kwenye tovuti ya TinEye, ambayo inaweza kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Ukiikuta picha ya "Dkt. Michael" iliwekwa miaka saba iliyopita na mwalimu wa mazoezi wa Brazil, kazi imeisha.

Fanya hivyo kwa picha tatu au nne, si moja. Matapeli hubeba picha nyingi kutoka kwa mtu mmoja, na wanaojua kazi yao huzigeuza kushoto kuwa kulia ili zisipatikane. Tazama maandishi ya kwenye fulana, bango au namba ya gari. Yakisomeka kinyume, igeuze picha kwa kihariri cha simu yako, kisha itafute upya.

Usipopata kitu, usiseme basi huyu ni wa kweli. Picha iliyoibwa kwenye status ya WhatsApp au kwenye akaunti iliyofungwa haionekani huko, na picha iliyotengenezwa kwa akili mnemba haijawahi kuwekwa popote. Zamani ilitosha kuhesabu vidole. Siku hizi vidole vinatoka vizima. Kinachosaidia zaidi ni kulinganisha picha zake zenyewe kwa zenyewe: kovu, mwanya, umbo la sikio, alama ya kuzaliwa. Mtu hubadilisha nguo na nywele, habadilishi sikio.

Kisha ikague akaunti. Kwenye Instagram gusa vidoti vitatu vya juu, ufungue sehemu inayoeleza kuhusu akaunti hiyo. Kwa akaunti nyingi utaona mwezi na mwaka iliofunguliwa, nchi ilipo, na kama imewahi kubadilishwa jina. Anayedai yuko Arusha huku akaunti inaonyesha nchi nyingine, na jina limebadilishwa mara nne, ana la kueleza. Facebook, shuka mpaka chini kabisa kwenye machapisho ya kwanza. Mtu wa kweli ana historia iliyotawanyika: shangazi aliyeandika "hongera mwanangu" mwaka 2016, rafiki wa shule anayemtania, picha ya msiba au harusi aliyotagiwa na mwingine. Akaunti ya kutengeneza ina picha kumi na mbili zilizopandishwa ndani ya wiki moja, na maoni ya watu usiowaelewa wanatoka wapi. Jihadhari pia na akaunti ya zamani iliyodukuliwa. Hiyo ina shangazi na kila kitu, ila jina na sura vilibadilika ghafla mwaka huu.

Namba ya simu haikuambii mtu yuko wapi. Namba za +44 (Uingereza) na +1 (Marekani) zinanunuliwa mtandaoni na mtu yeyote, akiwa popote. WhatsApp ikishasajiliwa kwa namba hiyo, hata laini yenyewe haihitajiki tena kwenye simu.

Lugha ndipo msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa, na watu wengi hawaitumii. Chukua ujumbe wa aina hii:

"Habari ya asubuhi malkia wangu. Mimi ni mtu wa kuogopa Mungu na mwaminifu. Mke wangu alipita miaka minne iliyopita na sasa ninaishi na binti yangu wa pekee. Ninafanya kazi katika kifaa cha mafuta nje ya pwani."

Hakuna Mswahili anayesema mkewe "alipita". Tunasema alifariki, au ametangulia mbele za haki. "Kifaa cha mafuta nje ya pwani" ni maneno ya mashine ya kutafsiri. Na hadithi yenyewe, ya mjane, mtoto mmoja, kazi ya baharini au jeshini, haikuchaguliwa bure: inamfanya aonewe huruma, inaeleza kwa nini hawezi kuonana nawe, na inamwekea tayari mtoto wa kuja kuugua baadaye.

Mpime kwa salamu. Mwandikie "Mambo?" na uone kama atajibu "Poa" au "Mambo yangu ni mazuri, asante kwa kuuliza." Anayesema ni wa Mbeya lakini anakaa Ulaya, mwulize jambo ambalo halipatikani kwa kutafuta: huko kwenu mvua zimeanza, umeme leo umekatika, kutoka kwenu mpaka stendi unapanda gari la wapi. Omba voisi, si maandishi, na umpe la kusema palepale: ataje leo ni siku gani, amekula nini mchana, na jina lako. Anayetuma voisi yenye maneno matamu lakini haigusi ulichouliza, ameirekodi kwa ajili ya watu wengi.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Matapeli wa nyumbani wanaongea Kiswahili kitamu kuliko chako, na hao wanakamatwa kwa njia nyingine, tutakayoifikia.

Kuna dalili moja isiyotajwa sana: mtu mmoja mwenye tabia mbili. Asubuhi anaandika sentensi ndefu zenye vituo, usiku anakata maneno na amesahau kwamba mama yako anaitwa nani. Sehemu kubwa ya utapeli huu hufanywa kwa zamu, kwa maelekezo yaliyoandikwa. Kwenye makambi ya utapeli ya Myanmar na Kambodia wamewahi kuokolewa hata vijana wa Kenya na Uganda waliodanganywa kwa ahadi ya ajira, kisha wakalazimishwa kuchati na watu mchana kutwa. Mpe jambo dogo la uongo, kwa mfano kwamba una mdogo wako anaitwa Neema, na baada ya siku tatu mwulize kama anamkumbuka.

Video koli bado ni kipimo kizuri ukiiendesha wewe. Mwenye sura ya kubandika, yaani aliyefunika uso wake kwa sura ya mtu mwingine kwa akili mnemba, hupenda kukaa mbele ya kamera, kifua juu, mwanga wa mbele. Mwambie ageuke ubavu kabisa, apitishe kiganja taratibu mbele ya uso, ainuke aende dirishani akuonyeshe nje. Sura ikitetemeka pembeni ya shavu, au kiganja kikionekana kuzama ndani ya uso, kata. Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walikamata watu 27 wa genge lililotumia sura za kutengeneza kwenye video na kuvuna takribani dola milioni 46. Kwa hiyo "tumeshaongea kwa video" peke yake si ushahidi tena. Na anayesema kamera yake mbovu kwa mwezi wa tatu, huku anakutumia picha mpya kila siku, hiyo kamera haijaharibika.

Sasa pesa, maana huko ndiko kote kunakoelekea. Sababu ni chache na hujirudia.

Ya kwanza ni mzigo uliokwama forodha. Amekutumia zawadi, mzigo umefika uwanja wa ndege, "wakala" anakupigia anataka laki tatu kwenye namba ya simu. Tanzania, malipo ya serikali yanalipwa kwa kontrol namba, yaani namba maalumu ya malipo. Kenya, kupitia eCitizen, paybill 222222. Ofisa wa kodi hakutumii jina la mtu binafsi. Mwanzoni mwa 2025 Ufaransa ilitikisika kwa habari ya mwanamke aliyeaminishwa kwamba anachati na Brad Pitt, mwigizaji wa filamu wa Marekani, akaoneshwa picha za hospitali zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Alipoteza euro 830,000, na mlango wa kwanza ulikuwa euro 9,000 za ushuru wa zawadi zisizokuwepo. Kiasi cha kwanza hakiwi kikubwa. Kinapima kama utatoa.

Ya pili ni mwanajeshi wa Marekani anayehitaji pesa za likizo. Jeshi la Marekani halimtozi mtu pesa ili apewe likizo, wala mchumba halipii karatasi yoyote.

Ya tatu ni ya kwetu kabisa: nauli. Kula nauli kumekuwa kazi ya watu, na nyuma ya picha ya binti mrembo wa Mwanza mara nyingi yuko kijana amekaa kijiweni. Dawa yake ni kutotuma pesa ya nauli, bali kumkatia tiketi wewe mwenyewe. Mabasi mengi ya mikoani sasa yanauza tiketi kwa mtandao, na tiketi inataka jina kamili. Andika namba yako ya simu, si yake, ili asiende kuiahirisha na kuomba arudishiwe pesa. Anayetaka kuja atafurahi. Anayesema "nitumie tu, nitakata mwenyewe, kuna gari la bei nafuu" amejibu swali lako.

Hapa ndipo lile jina la kwenye simu linapofanya kazi, na ndicho kipimo cha tapeli wa nyumbani. Fungua huduma ya pesa ya mtandao wako, chagua kutuma, ingiza namba aliyokupa na kiasi kidogo kama 1,000. Mitandao mingi itakuonyesha jina la aliyesajili kabla ya namba ya siri. Lisome, kisha ghairi. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, hivyo "Queen Aisha" akitokea kuwa Juma, hilo ni jambo zito. Kuna atakayekuwahi: "jina litakuja la kaka yangu." Huo ni ujanja wa ukoo mmoja na ule ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Mwambie akupe namba ya jina lake, na usikubali la wakala, la jirani wala la boda.

Wapo wasioomba pesa kabisa. Wanakufundisha "kuwekeza" kwenye tovuti ya sarafu za kidijitali, unaona faida, hata unaruhusiwa kutoa kidogo. Ukiweka kikubwa, kutoa kunahitaji kwanza ulipe "kodi". Kabla ya hapo, iandike anwani ya tovuti hiyo kwenye huduma yoyote ya whois uone ilisajiliwa lini. Kampuni inayodai miaka kumi ya uzoefu na tovuti yake ina miezi miwili, achana nayo.

Usivue nguo kwenye video na mtu hujakutana naye. Akikurekodi na kukutishia, usimlipe, kwa kuwa kila malipo huleta mengine. Piga skrinshoti za vitisho na za akaunti yake, iripoti, halafu mfungie.

Ukiwa tayari umetuma, dakika ndizo zinazoamua, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala hairudi kirahisi. Tanzania piga 100 kwa mtandao wako uombe muamala uzuiwe, kisha ripoti namba ya tapeli kwenda 15040, bure. Kwa Safaricom Kenya, sambaza ujumbe wa muamala kwenda 456, na namba ya tapeli kwenda 333. Usifute mazungumzo hata kama yanakuuma kuyasoma: polisi watataka namba, tarehe, kumbukumbu za miamala na mazungumzo yenyewe, na kwa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayatambua makosa haya. Usione aibu kwenda. Wanaopigwa ni walimu, madaktari na wahasibu pia.

Baada ya wiki chache atakutafuta "mtaalamu" anayeweza kukurudishia pesa zako kwa ada ndogo. Mara nyingi ni genge lilelile, linajua kiasi ulichopoteza na jina la aliyekuliza. Na ikiwa ulimtumia picha ya kitambulisho chako, piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiona usiyoifahamu, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako iondolewe siku hiyohiyo.