Somo: Kupima jeni ya kujiua ya HSV-TK kwenye seli za saratani

Jeni ya kujiua ni jeni inayoifanya seli iuawe na dawa ambayo peke yake haiidhuru. Hapa dawa ni gansikloviri, dawa ya virusi: haina makali kwa seli mpaka kimeng'enya TK cha virusi vya hepesi (HSV) kiibandike fosfeti ya kwanza. Vimeng'enya vya seli yenyewe huongeza mbili zilizobaki, kisha dawa huingia kwenye DNA na kukwamisha unakili wake. Seli isiyogawanyika hupona.

1. Ingiza jeni ya TK kwa vekta ya lentivirusi (kirusi kinachotumika kubeba jeni) yenye ukinzani wa puromaisini, halafu chuja kwa puromaisini, kiuavijasumu kinachoua seli zisizopokea vekta. Andaa pia seli za vekta tupu, yaani isiyo na TK. Bila hizo matokeo hayana maana.

2. Panda seli 2,000 kwa kila kisima, sahani ya visima 96. Zikijaa mapema zitaacha kugawanyika, nawe utailaumu dawa bure.

3. Kesho yake weka gansikloviri: 0, 0.1, 1, 10 na 100 µM. Ile 100 huweza kuua hata vekta tupu. Chagua kiwango kinachoua seli za TK na kuziacha za vekta tupu salama; ndicho cha kutumia kwenye hatua ya 5.

4. Siku ya tano weka MTT (rangi ambayo seli hai huigeuza kuwa fuwele za zambarau) 0.5 mg/ml kwa saa 3, yeyusha fuwele kwa kiyeyushi DMSO, soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nm 570. Tazama pia kwa hadubini: seli zilizokwama bila kugawanyika huvimba na bado hubadili rangi ya MTT.

5. Sasa kipimo chenyewe hasa. Changanya seli za TK na zisizo nayo: 0, 5, 10, 25, 50 na 100%. Hapa panda 5,000 ili zigusane. Kwenye 10%, vifo vikizidi sana 10%, majirani nao wanakufa. Ndani ya uvimbe hakuna vekta inayofikia kila seli, kwa hiyo grafu hii ina uzito kuliko ile ya hatua ya 3.

MASWALI

Seli zangu za TK zilikufa vizuri, baada ya wiki kadhaa hazifi. Kwa nini?
Promota (sehemu ya DNA inayowasha jeni) imezimwa, au ulisitisha puromaisini. Pima protini upya, kisha rudi kwenye akiba ya mwanzo iliyogandishwa.

Majirani hawafi kabisa.
Gansikloviri yenye fosfeti haipenyi utando. Hupita kwenye vijia vya koneksini, protini zinazounganisha seli jirani, na seli nyingi za saratani zimevipoteza. Jaribu jeni ya kimeng'enya kingine, sitosini deaminasi, pamoja na dawa 5-FC: zao lake, sumu 5-FU, hupenya lenyewe.

Mbona wagonjwa hawakufaidika?
Jaribio la tiba hii kwa glioblastoma (saratani ya ubongo) lililochapishwa 2000, wagonjwa 248, halikurefusha maisha. Seli zinazozalisha vekta zilidungwa kwenye kingo za uvimbe uliokatwa, na jeni ilifika kwa seli chache mno.