Namna ya Kutumia Tena Masalia ya Foili Katika Kadi za Mkono

Ukishaibandua karatasi ya foili kutoka kwenye kadi ya kwanza, kinachobaki mkononi hufanana na kitambaa kilichotafunwa na panya: huku kuna matundu yenye umbo la maua, kule kuna jina la bwana harusi lililong'oka, na pembeni kuna eneo pana ambalo halikuguswa. Hapa kwetu Ngamiani, Tanga, hasa msimu wa harusi tunapokimbizana na kadi za mchango na za mwaliko kwa pamoja, wengi wetu huifinyanga karatasi hiyo na kuitupa kapuni. Mimi nimeitupa kwa miaka mingi kabla ya kugundua kwamba foili iliyobaki kuyazunguka matundu yale ni picha kamili iliyokwisha kuchorwa, ikisubiri tu kitu cha kuishika.

Foili ninayoizungumzia ni ile ya kuhamishia rangi kwenye karatasi kwa joto au kwa gundi, wala si ile ya jikoni tunayofungia samaki. Imeundwa kwa utando mwembamba wa plastiki ya poliesta, na juu ya utando huo kuna tabaka la rangi, kisha tabaka la aluminiamu jembamba mno, kisha tabaka la kunatia. Ndiyo maana foili ya dhahabu haina dhahabu yoyote ndani yake. Ni aluminiamu inayoonekana kupitia rangi ya manjano. Unapoipitisha kwenye mashine ya laminesheni, ile ya kufunika karatasi kwa plastiki kwa joto, ikiwa juu ya maandishi yaliyochapwa kwa tona, yaani unga wa printa za leza na mashine za fotokopi, joto huilainisha tona, tona huishika foili, na unapobandua, utando huondoka huku ukiiacha rangi pale tu palipokuwa na tona. Kwingine kote foili husalia kwenye utando wake, nzima kama ilivyotoka dukani. Anayeielewa sentensi hiyo ameshaelewa nusu ya somo.

Hatua ya kwanza ni kuyachambua masalia, na kazi hii ifanyike siku ileile, kabla hayajakunjamana. Shika kipande kwa pembeni na ukielekeze dirishani: mwanga unapopenya ndipo rangi ilipokwisha, na panapozuia mwanga ndipo penye mali. Mimi hugawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vipande vinavyozidi kiganja na vyenye matundu ya umbo linaloeleweka, kama nyota, majani au herufi. La pili ni vipande virefu vyembamba vya pembeni. La tatu ni vijipande vidogo kuliko kidole gumba, ambavyo nitavisema mwishoni kwa ufupi, kwa sababu si kila kinachong'aa kinastahili jasho lako. Vipande vya fungu la kwanza na la pili huvilaza katikati ya kurasa za daftari la zamani, kipande kimoja kwa kila ukurasa, kwa kuwa foili ikikunjwa hupasuka mistari myembamba ambayo haitaonekana mpaka uihamishie kwenye kadi, na hapo itakuwa imechelewa.

Hatua ya pili ndiyo yenye utamu, nami nitakaa hapo zaidi. Chukua kipande kikubwa kutoka fungu la kwanza, tuseme kile kilichotoa mwezi mchanga na nyota kwa ajili ya kadi ya Idi. Kwenye karatasi nyeupe laini ya manila, chapa kwa printa ya leza au mashine ya fotokopi mstatili mweusi uliojaa tona, usio na mchoro wowote, wenye ukubwa wa milimita 95 kwa 138, ambao utakaa vizuri kwenye uso wa kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148. Laza kipande cha foili juu ya mstatili huo, upande wa rangi ukitazama juu na upande uliofifia ukigusa tona. Kunja karatasi nyeupe ya kawaida katikati, uiweke kadi ndani kama barua ndani ya bahasha, kisha uipitishe kwenye mashine iliyopata moto barabara, ukitanguliza upande uliokunjwa. Mashine nyingi za stesheneri zina kipimo cha maikroni 80 na cha maikroni 125, yaani unene wa plastiki ya laminesheni. Tumia hicho cha pili kwa sababu kina joto zaidi. Ikitoka, subiri ipoe hadi iwe vuguvugu, ndipo ubandue taratibu kwa kuurudisha utando nyuma, ukiwa umelala karibu na karatasi badala ya kuuvuta kwenda juu.

Utakachokiona ni kinyume cha kadi ya kwanza: anga lote limekuwa dhahabu, na mwezi pamoja na nyota zimebaki nyeusi tii. Watu huniuliza kama herufi zitatokea kinyumenyume. Hazigeuki, kwa kuwa upande ulioangalia chini mara ya kwanza ndio unaoangalia chini mara ya pili. Jina lililosomeka kwenye kadi ya kwanza litasomeka na kwenye hii.

Unaweza kuishia hapo, au unaweza kuongeza rangi ya pili. Zile nyota nyeusi bado ni tona tupu, na tona ikipata joto tena hunata tena. Kwa hiyo laza juu yake kipande chochote cha foili nyekundu au ya fedha, urudishe mashineni, na rangi hiyo itaingia kwenye matundu huku ikiiacha dhahabu kama ilivyo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuwa na kipande cha kijani kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Nilikisogeza kutoka nyota moja hadi nyingine, kila safari kwa pasi badala ya mashine, na kila nilipoinua utando nilikuta nyota moja imekuwa kijani na shimo jipya la nyota limetokea kwenye kijipande changu. Nyota ya saba ilipata pembe tatu tu, kwa sababu foili ilikuwa imekwisha, na kadi hiyo ninayo hadi leo kwa kuwa sikupata moyo wa kuiuza.

Asiye na printa ya leza wala mashine anaweza kuifanya kazi hiyohiyo kwa selotepu ya pande mbili iliyo pana. Ibandike kwenye manila, ondoa karatasi yake ya juu, laza foili kwa uangalifu kwa maana ikishagusa haisogei, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko. Joto halihitajiki. Sharti ni moja: matundu yatabaki yananata, kwa hiyo lazima yajazwe kwa foili ya rangi nyingine, la sivyo yatakusanya vumbi na unyoya wa bahasha.

Hatua ya tatu inahusu vile vipande virefu. Kadi nzuri hufuata mpangilio wa kanga: ina pindo la kuzunguka, ina mji wa katikati, na ina jina, yaani maandishi. Masalia membamba ni mali ya pindo. Bandika selotepu ya pande mbili yenye upana wa milimita 6 kuzunguka kadi, kisha uanze kulaza vipande kimoja baada ya kingine na kuvisugua, ukiruhusu kila kipya kiingilie kidogo juu ya kilichotangulia. Usihofu viungio. Mahali ambapo foili ya kwanza imeshashika, selotepu imefunikwa na hainati tena, kwa hiyo kipande cha pili huacha rangi pale tu palipokuwa wazi, na mstari wote huonekana kana kwamba umetoka kwenye karatasi moja. Ukichanganya dhahabu mbili tofauti, hata hivyo, jua la saa nne litakuumbua. Changanya rangi zilizo mbali kabisa au usichanganye.

Hapa niseme kosa langu, ili lisiwe lako. Nilichapa kadi ya mwaliko yenye pindo na majina ya maharusi vyote kwa tona, kisha nikaweka masalia juu ya pindo peke yake. Ndani ya mashine kipande kimoja kilisogea, kikaangukia kwenye majina, na bi harusi akatoka nusu mweusi nusu dhahabu. Tangu siku hiyo nachapa kwa tona sehemu inayohitaji foili tu, na maandishi mengine nayachapa kwa printa ya wino, kwa sababu wino haushiki foili hata ikiulalia. Aidha, kila kipande nakifunga kwa kijiselotepu kidogo upande unaotangulia kuingia mashineni.

Kuhusu fungu la tatu, ushauri wangu ni mfupi. Usikae jioni nzima ukiunganisha vijipande mithili ya magamba ya samaki; gundi na muda vitagharimu zaidi ya foili mpya. Viweke kwenye kikopo kwa ajili ya kuziba mabaka pekee: kadi mpya ikitoka na doa jeusi lililokosa rangi, weka kijipande juu ya doa, funika kwa karatasi ya kuokea, na ugandamize kwa ncha ya pasi isiyo na mvuke kwa sekunde chache. Utando uliobaki mtupu kabisa ni plastiki, hivyo usiutie jikoni kuwashia mkaa.

Maswali ya wanakikundi

Swali kutoka Muheza: Shikamoo mwalimu. Je, foili ya jikoni au ile ya kufungia chokoleti inaweza kutumika kwa njia hii?

Jibu: Marahaba. Kuhamishwa haiwezi, kwa sababu yenyewe ni bati jembamba la aluminiamu lisilo na utando wa kuliachia. Inaweza kubandikwa. Inyooshe juu ya meza kwa mgongo wa kijiko, ipige selotepu ya pande mbili kwa nyuma, kisha uchore mistari kwa peni iliyokwisha wino ukiwa umeweka gazeti chini yake. Mistari itasimama kama nakshi, na kwa kazi hiyo naiona bora kuliko foili ya dukani.

Swali kutoka Pangani: Mwalimu, nimefuata kila hatua na foili imekataa kushika kabisa. Mashine ina moto wa kutosha. Tatizo ni nini?

Jibu: Naomba kwanza ulowanishe kidole na kukipitisha kwenye ukingo wa ule weusi uliochapa. Ukichafuka, umechapiwa kwa wino, na hakuna joto litakalokusaidia. Tafuta stesheneri yenye fotokopi ya tona. Kidole kikibaki safi, basi shuku unyevu. Wakati wa masika manila ya pwani hunywa maji kutoka hewani, na yakipata joto mashineni hugeuka mvuke unaoisukuma foili, hivyo hushika kwa mabakamabaka. Hifadhi manila ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, na ipige pasi kavu kabla ya kwenda kuichapa, si baada ya kuichapa.

Swali kutoka Bagamoyo: Habari za kazi, dada. Ninauzia wageni kadi zenye michoro ya milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, na ninapenda karatasi nene yenye mikwaruzo. Masalia hushika vidoadoa tu. Nifanyeje?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Karatasi ya mikwaruzo ina vilima na mabonde, na foili hugusa vilima tu. Fanyia kazi ya foili kwenye manila laini, kata umbo la mlango kwa wembe, kisha ulibandike juu ya karatasi yako nene. Kwa milango ningekushauri utumie masalia badala ya foili mpya: ukichapa mistari ya nakshi kwenye kadi ya kwanza, kadi ya pili itakupa mistari myeusi juu ya ubao wa rangi ya shaba, na huo ndio unaofanana na mlango wenyewe zaidi kuliko mistari inayong'aa.

Swali kutoka Makorora: Umeme ukikatika kadi ikiwa katikati ya mashine, je, niivute?

Jibu: Kama mashine yako ina kitufe au mkono wa kulegeza magurudumu, ulegeze na uitoe mara moja ikiwa bado ina joto. Kama haina, iache. Ukiivuta ikiwa imepoa unaweza kuacha foili kwenye magurudumu, na kadi zitakazofuata zikatoka na alama za dhahabu mahali usipopataka. Umeme ukirudi, iache ipate moto kamili, nayo itaitoa kadi yenyewe.

Swali kutoka Chumbageni: Samahani mwalimu, je, ni haki kumtoza mteja bei kamili kwa kadi ya masalia? Na je, ninaweza kuzitumia kwa oda ya kadi 100?

Jibu: Kwa oda ya kadi 100 usizitumie. Mteja wa harusi anataka kadi ya mjomba ifanane na ya jirani, na masalia hayatoi kadi mbili zinazolingana. Zitumie kwa kadi za mojamoja: Idi, kuzaliwa kwa mtoto, pongezi za mtihani. Bei mimi huwa sipunguzi, kwa kuwa muda niliotumia ni uleule au zaidi, lakini mteja akiuliza namwambia wazi ilivyotengenezwa na kumwonyesha ile karatasi yenye matundu. Wawili kati yao waliniomba niwape na karatasi hiyo pia, nami nikawawekea ndani ya bahasha.