Somo: Kumtenganisha Anayeshuhudia na Yule Anayedai "Mimi"

Somo hili linafuata Advaita Vedanta, yaani mafundisho yasiyokubali uwili, ambayo chimbuko lake ni Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, na ambayo mwanafalsafa Shankara, mzaliwa wa Kaladi huko Kerala, India, aliyafafanua katika karne ya 8. Kwa kuwa neno letu "nafsi" limebebeshwa maana nyingi mno, nitaliweka kando: nitaita atman ule ufahamu unaoshuhudia, na ahankara kile kilichomo ndani yetu kinachodai "mimi" na "yangu". Wengi huifasiri ahankara kuwa ni kiburi, na kwa maoni yangu kosa hilo limewapoteza wanafunzi wengi, kwa sababu anayesema "mimi ni mtu duni" anayo ahankara sawasawa na anayejisifu.

Hatua ya kwanza ni kupanga kinachoonwa na anayeona. Jicho huona maumbo. Jicho lenyewe, liwe zima au lenye ukungu, hujulikana na akili. Na akili nayo, iwe imetulia au imechafuka, inajulikana vilevile. Kijulikanacho si mjuaji. Lugha yetu inatusaidia sana hapa, maana tunasema kichwa kinaniuma, usingizi umenishika, hasira zimenipanda. Na aliyepandwa na hasira hawezi kuwa ndiye hasira. Keti mahali patulivu, na kila hali inayokujia itaje kwa namna hiyo, bila kuifukuza wala kuikumbatia.

Hatua ya pili ndiyo nzito, kwa kuwa ahankara hujipenyeza hata kwa anayetazama na kusema, "Mimi ndimi ninayeshuhudia." Walimu wa Vedanta hutoa mfano wa chuma motoni. Mtazame mhunzi anapotoa kipande makaani: chuma kimekuwa chekundu, kinang'aa, na atakayekigusa atasema chuma kimemuunguza. Lakini chuma hakina joto lake chenyewe, limetoka kwa moto. Na moto nao, usio na umbo maalumu, sasa unaonekana mrefu au wa mviringo kwa umbo la chuma. Ndivyo akili inavyoazima nuru ya atman ikaonekana kuwa hai, huku atman, ambaye hazaliwi wala hazeeki, akionekana kama mtu mwenye jina, umri na madeni. Mchanganyiko huo ndio ahankara, na Shankara aliuita adhyasa, yaani kukivika kitu sifa za kingine. Kwa hiyo kila unaposema "mimi", jiulize ni sehemu gani ya neno hilo iliyo chuma na ni ipi iliyo moto.

Hatua ya tatu ni usingizi mzito, ambao Upanishadi ya Mandukya inauhesabu kuwa hali ya tatu baada ya kukesha na kuota. Mtu aliyelala fofofo hana jina wala cheo, lakini akiamka husema, "Nimelala vizuri, sikujua kitu." Ahankara haikuwepo, aliyeshuhudia kutojua huko hakukoma.

Hatua ya nne imo katika Upanishadi ya Chandogya. Shvetaketu alirudi nyumbani baada ya miaka 12 ya masomo akiwa amejaa majivuno, na baba yake, Uddalaka, akamwambia atie chumvi ndani ya maji usiku. Asubuhi aliitafuta asiione. Akaonja juu, katikati na chini, kote ni chumvi. Baba akamwambia: kama chumvi hiyo, isiyoonekana lakini imo kote, ndivyo ilivyo asili ya vitu vyote, nayo ndiyo atman; wewe ndiwe Hicho.

Maswali ya wanachama

Swali: Kama atman ni mmoja, mbona sisikii maumivu ya jirani yangu?

Jibu: Gaudapada, mwalimu wa Advaita aliyemtangulia Shankara, alilijibu kwa mfano wa vyungu. Nafasi iliyomo ndani ya chungu si tofauti na iliyo nje, lakini kimoja kikijaa moshi, vingine havijai. Maumivu ni moshi wa chungu kimoja, nao umoja tunaousema ni wa nafasi.

Swali: Je, mtu hawezi kutenda uovu akasema si yeye, ni mwili tu?

Jibu: Anaweza, na hilo ni jambo la hatari. Mpime kwa sifa: akikana lawama lakini akapokea pongezi, anayesema ni ahankara. Ndiyo maana Shankara alimtaka mwanafunzi awe kwanza na utulivu wa akili, kujizuia na uvumilivu, kabla hajafundishwa haya.

Swali: Kila nikimtafuta mshuhudiaji ninampata mwingine nyuma yake, na sifiki mwisho. Nakosea wapi?

Jibu: Hao wote unaowapata ni mawazo, kwa sababu wameonekana. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, mtu aitwaye Ushasta alimtaka Yajnavalkya, mwenye hekima, amwonyeshe atman waziwazi, na Yajnavalkya akamjibu kwamba huwezi kumwona yule anayeuona uoni wenyewe. Acha kumtafuta mbele yako. Unapochoka kutafuta, angalia tu kwamba uchovu huo nao umejulikana.